Geji ya kupima presha ya oili: uzoefu wangu kwenye kampavani ya zamani

Kampavani yangu ni ya miaka ya 1980 na injini yake ipo nyuma, chini ya kitanda. Ninalala humo, ninapika humo, kwa hiyo injini ikifa, na nyumba imesimama. Ndiyo maana siku taa ya oili ilipoanza kuwakawaka na baza (king'ora kidogo cha onyo) ikalia nikipanda mlima mrefu, moyo ulinipasuka. Niliegesha pembeni, nikazima injini na kuchomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa kati ya alama mbili, safi, na chini ya gari hapakuwa na tone. Gari likavutwa.

Fundi aliisikiliza injini kwa dakika moja hivi akasema beringi za krenki (vyuma vinavyobeba shafti kuu ya injini) zimelika na ndizo zinazoshusha presha, kwa hiyo injini ishushwe na kufunguliwa. Hakupima chochote. Nilimwomba anipe siku mbili, nikanunua geji ya mkono ya kupima presha ya oili. Ni kifaa cha kawaida: geji ya duara yenye kipimo cha 0 hadi bari 10 (bari ni kizio cha presha), mpira wa urefu wa karibu mita moja, na adapta kadhaa za nyuzi za skrubu tofauti ndani ya kasha la plastiki. Unaitoa swichi ya oili, ile inayowasha taa ya onyo, unafunga adapta mahali pake, unawasha injini na kusoma mshale.

Kabla sijasema geji ilionyesha nini, nieleze onyo lenyewe linavyofanya kazi kwenye gari langu, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Kuna swichi mbili. Ya kwanza ni ya bari 0.3. Injini ikiwa imezimwa, swichi hii inaunganisha waya wake na injini, yaani na hasi ya betri. Presha ikipanda inakata, na taa inazimika. Ya pili, ya bari 0.9, ni kinyume kabisa: presha ikizidi 0.9 ndipo inaunganisha. Kisanduku kidogo kilicho nyuma ya dashibodi huiuliza hii ya pili pale tu injini inapovuka mizunguko 2,000 kwa dakika. Kisipopata jibu, kinawasha taa na kupiga baza. Sasa fikiria waya wa swichi hiyo ukikatika. Kisanduku hakipati jibu, na wewe dereva unaona onyo lile lile ambalo ungeliona oili ikiwa imekosa presha kweli. Taa haiwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Geji inaweza.

Nilifungua swichi ya 0.9, iliyo karibu na puli ya krenki, nikafunga adapta, nikaupitisha mpira mbali na bomba la moshi na kuufunga kwa waya usiyumbe. Hili la mwisho usilipuuze. Mpira ukiungua, oili yote itamwagika kwa muda mfupi. Nikawasha, kidole kikiwa tayari kuzima kama mshale usingepanda ndani ya sekunde chache. Ulipanda hadi 4.5, oili ikiwa baridi. Sijui niseme nini kuhusu nafuu niliyoipata pale.

Lakini namba ya oili baridi haitoshi. Oili nzito hudanganya, hata injini iliyochoka huonekana nzima asubuhi. Niliiacha ingurume hadi kipimajoto nilichokiingiza kwenye tundu la kijiti kisome nyuzi joto 80, jambo lililochukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, kwa sababu maji hupata moto mapema kuliko oili. Mtu akanikanyagia mafuta hadi mizunguko 2,000: bari 2.6. Kitabu cha matengenezo cha gari hili kinataka isipungue 2 katika hali hiyo. Beringi zangu hazikuwa na shida.

Baza, bila shaka, ilianza kulia injini ilipovuka mizunguko hiyo 2,000, kwani swichi nilikuwa nimeitoa. Nikagusisha waya wake kwenye chuma cha injini. Kama waya ni mzima, baza hunyamaza. Haikunyamaza. Nikaufuata ule waya kwa vidole, na ndani ya kifuniko cha mpira nikakuta ncha imekatika, nyuzi za shaba zimegeuka kijani, ganda limekauka kwa joto na kupasuka. Nilikata kipande cha urefu wa kiganja, nikaunga kipya, nikabana ncha mpya, nikarudisha swichi. Kimya.

Kuhusu kifaa chenyewe, nina malalamiko mawili. La kwanza ni uso wa geji. Umeandikwa kwamba usahihi wake ni asilimia 2.5, na hiyo ni asilimia ya kipimo chote, si ya namba unayoisoma. Kwa geji ya bari 10 maana yake inaweza kukosea kwa robo bari mahali popote. Kwenye 2.6 sina wasiwasi. Ila kama unataka kujua swichi ya 0.3 inakata sawasawa, geji hii haifai kabisa. Yenye uso wa bari 7 ingenifaa zaidi.

La pili ni washa (pete bapa) za shaba zilizomo kwenye kasha. Swichi za gari langu zina nyuzi za skrubu zinazopungua unene kuelekea ncha, na nyuzi za aina hiyo hujiziba zenyewe zikikazwa. Nilipoweka washa, adapta haikukaa vizuri na oili ikavuja, nilipoitoa, ikakauka. Karatasi ya maelekezo haisemi lolote juu ya hilo, wala haionyi kwamba kukaza kupita kiasi kunaweza kupasua injini ya aluminiamu.

Nimeipa nyota nne. Kile kipande cha waya kilichooza nimekiweka ndani ya kasha lake, pamoja na karatasi ya namba za siku ile: 4.5 baridi, 2.6 kwenye nyuzi 80. Mwakani nitapima tena kwenye joto hilo hilo nione kama 2.6 imeshuka.