Habu za Aisin kwenye Land Cruiser ya mkonga: tathmini baada ya masika mawili

Aprili ya mwaka juzi, katika barabara ya kutoka Ifakara kwenda Mlimba, Land Cruiser yetu ya mkonga ilizama kwenye tope zito ikiwa imebeba magunia ya mpunga. Nilishuka, nikageuza swichi za habu zote mbili za mbele (vifaa vya katikati ya magurudumu vinavyoliunganisha gurudumu na ekseli vikiwa LOCK, na kuliachia vikiwa FREE) hadi kwenye alama ya LOCK, nikarudi kuweka gia ndogo ya magurudumu manne, lakini magurudumu ya nyuma ndiyo pekee yaliyochimba, huku ya mbele yakiwa yametulia kabisa. Mwenzangu aliinama akachungulia chini, akaniambia kwamba propela ya mbele, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele, ilikuwa inazunguka. Siku ile hatukuelewa maana ya jambo hilo, na hatimaye tulivutwa na trekta.

Gereji ya kwanza niliyoipelekea gari, ambayo sitaitaja, ilisema transifa (boksi la gia linalogawa nguvu kwa mbele na nyuma) imekufa na ikanitaka nitafute nyingine ya mtumba. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei nilipokutana na mzee mmoja, fundi wa Morogoro, ambaye kabla hata hajaligusa gari aliniuliza, "Kijana wangu, mlipokwama, propela ya mbele ilizunguka au ilisimama?" Nilipomjibu kwamba ilizunguka, alisema transifa ni nzima, kwa kuwa ndiyo inayoizungusha propela hiyo, na kwamba ugonjwa tuutafute mbele yake: kwenye difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kulia na kushoto), kwenye ekseli au kwenye habu.

Alipiga jeki upande wa mbele mpaka matairi yote mawili yakaning'inia, akaweka magogo chini ya ekseli, akaingiza gia ya magurudumu manne injini ikiwa imezimwa ili propela ishikwe, na habu zote mbili zikiwa kwenye LOCK akazungusha tairi la kulia kwa mkono. Kwa gari zima, tairi la kushoto lingezunguka kinyume, kwa sababu ndivyo difu ya kawaida inavyofanya kazi propela inaposhikwa. La kushoto halikutikisika. Alipohamia upande wa kushoto na kulizungusha tairi lenyewe, lilikwenda jepesi kana kwamba liko FREE, ingawa swichi yake ilisoma LOCK. Hapo nilielewa kilichotokea kule njiani: difu isiyo na kifaa cha kuifunga hupeleka mzunguko wote upande usio na upinzani, kwa hiyo ekseli ya kushoto ilikuwa ikizunguka bure ndani ya habu mbovu na kuliacha tairi la kulia, ambalo habu yake ilikuwa nzima, bila nguvu yoyote. Habu moja ikifa, mbele yote imekufa.

Tulifungua boliti sita ndogo za kifuniko kwa spana namba 10. Ndani ya habu ile ya kuigiza, aliyoifunga mwenye gari aliyetangulia, kulikuwa na grisi nzito iliyogeuka nyeupe kama uji, dalili ya maji yaliyopita kwenye gasketi iliyochanika. Pete yenye meno inayopaswa kusukumwa na springi ili iunganishe ekseli na habu ilikuwa imenata mahali pake, na meno yake yalikuwa yamelika kwenye ncha hadi kuwa mviringo. Kusafisha peke yake kungetosha kama meno yangekuwa mazima, na ninamshauri kila mtu aanze na kusafisha kabla ya kununua chochote. Kwa meno yale hapakuwa na la kufanya, ndipo nikanunua jozi mpya ya habu za Aisin, kampuni ya Japani.

Tofauti ilionekana mkononi kabla ya kufunga. Swichi inageuka kwa uzito ulio sawa, bila kulegalega, na ukiisogeza pete ndani unaisikia ikiingia kwenye meno kwa mlio mmoja mfupi, tak, kisha haina mchezo. Kazi ya kuzifunga si ngumu, ila ina mambo mawili yanayowaponza wengi. La kwanza ni washa za pia (zenye umbo la koni) zilizo chini ya nati za mwili wa habu, ambazo hung'ang'ania. Dawa yake ni kugonga kwa nyundo ya shaba, na si kuzichokonoa kwa bisibisi mpaka uharibu uso wa gasketi. La pili ni kwamba kifuniko hurudishwa kikiwa kwenye FREE, na grisi ndani yake hupakwa nyembamba tu, kwa sababu ikishindiliwa kama ya beringi huizuia pete isitembee, hata habu ikiwa mpya kabisa.

Tangu wakati huo zimepita masika mawili, mito kadhaa na safari nyingi za Mlimba, na habu hizi hazijakataa hata mara moja. Wakati mwingine pete haiingii papo hapo kwa kuwa meno hayajalingana, lakini gari likisogea kidogo hujipanga lenyewe. Wakati wa kurudi FREE baada ya kupita kwenye ardhi ngumu, meno hubaki yamebanana. Nikirudi nyuma mita chache huachia.

Malalamiko yangu ni kwamba zina bei kubwa kwa mbali kuliko za kuigiza, na tope likikauka kwenye swichi inakuwa ngumu kugeuka kwa vidole vitupu. Usiigeuze kwa koleo, kwa sababu utavunja kidaka cha ndani. Mwagia maji kwanza, sugua kwa mswaki, kisha geuza. Mimi sasa huziweka LOCK kabla ya kuingia kwenye tope, nikiwa bado mahali pakavu, kwani habu zilizofungwa hazidhuru chochote gari likiendelea kwenye magurudumu mawili. Ninapokwenda kununua gasketi za vifuniko huchukua nne badala ya mbili, kwa sababu kila mara tunapofungua kukagua, mojawapo huchanika.