Baiskeli ya mtumba ya Kijapani: miezi saba kati ya Kisauni na mjini

Assalaam aleikum, hamjambo nyote. Leo sikawii na maamkizi, jua linashuka na nataka muione vizuri kabla ya maghrib. Haya, bibi mwenyewe huyu hapa. Rangi ya kijivu, kikapu mbele, stendi ya miguu miwili, na bomba la katikati limeinama chini ili mtu apande bila kurusha mguu. Wajapani huziita mamachari, yaani baiskeli za kina mama. Hii ilishuka Kilindini ndani ya kontena pamoja na wenzake, nami nikaichukua mwezi wa Februari kwa shilingi 9,500. Tangu hapo naenda nayo kazini, kutoka Kisauni mpaka karibu na soko la Marikiti, hapa hapa Mombasa, siku sita kwa wiki.

Wanaoniona njiani huniuliza kama ni nzuri. Nzuri sana. Mbovu nilikuwa mimi. Mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa darasa la tano, ya kukodi, unalipia dakika kumi na mwenyewe anakuhesabia kwa sauti. Kwa hiyo mengi nitakayowaambia leo nimeyajua kwa kuyakosea.

Nianze na upepo wa tairi, maana ndipo nilipoaibika kwanza. Siku ya pili naona tairi limelegea, nikaenda kituo cha petroli. Kijana akaleta ule mpira wa kujazia magari, akabandika, pssss, upepo wote nje. Akajaribu tena. Watu wa tuktuk wanatazama. Mdogo wangu, sogeza simu hapa. Mwaiona valvu hii? Si ya gari. Ndani yake kuna kimpira chembamba kama mrija, upepo unapita ubavuni mwake na kinajibana chenyewe. Pampu ya gari haishiki hapa hata ufanyeje. Kumbe ni valvu ile ile ya Black Mamba, baiskeli za wauza madafu na mikate, na kila fundi wa chini ya mwembe ana pampu yake na ana kimpira chake. Kimpira hicho kikila joto hulainika, kikapasuka, na wewe utaapa umepata pancha. Mimi nimefunguliwa tyubu mara mbili kutafuta tundu lisilokuwapo. Sasa nanunua kipande kirefu kidogo, nakata mwenyewe kwa mkasi, dakika mbili kazi imekwisha.

Tairi lenyewe sasa. Hapa nisikilizeni, kwa sababu pesa zangu zilipotea hapa. La nyuma lilikuwa na nyufa ubavuni. Mpira uliokaa ghalani kisha ukapigwa na jua la kwetu haukai. Nikaenda duka la vipuri, nikasema kwa kujiamini, nipe la 26. Nikapewa la 26, shilingi 900. Fundi akaingiza upande mmoja, upande wa pili haupandi. Akavuta, akatia bisibisi mbili, jasho likamtoka, mwisho akaliweka chini akaniuliza, "Dada, umesoma ubavuni?" Sikuwa nimesoma. La kwangu la zamani limeandikwa 26 x 1 3/8, na chini yake kwa herufi ndogo 37-590. Nililonunua limeandikwa 26 x 1.95, na chini yake 50-559. Hiyo namba ya mwisho ndiyo upana wa duara pale tairi linapokaa kwenye ringi, kwa milimita. Yote mawili yanaitwa ishirini na sita, na yanapishana milimita 31! Ukingo wa tairi una waya ndani, wala hauvutiki kama lastiki ya sketi. Duka halikulirudisha, ati limeshaguswa na bisibisi. Basi andikeni 590 kwenye simu zenu kabla ya kwenda dukani. La sawa nililipata baadaye kwa 1,100, na halikai kila duka. Hilo naihesabia baiskeli hii kuwa kasoro ya kweli: ya kawaida ya milimani ungepata tairi lake kila kona.

Mnyororo. Mnaona umefunikwa wote kwa hili bati? Kwa mwanamke wa buibui hii ni rehema, pindo haliingii, grisi haikupaki. Lakini usichokiona hukitunzi. Ulipoanza kulia kwi kwi kwi, mimi kwa akili zangu nikachukua mafuta ya nazi jikoni, nikamimina kwenye kitundu. Wiki moja kimya, nikajiona fundi. Wiki ya tatu mlio umerudi na wenzake. Fundi alipofungua bati akakuta uji mweusi wa mchanga na mafuta. Akasema, "Hii ni cheni au ni wali?" Nikanunua mnyororo mpya, 650. Siku hizi natia mafuta mepesi ya cherehani, tone moja moja, nazungusha pedali kinyumenyume, halafu nafuta kwa kitambaa mpaka mkono ubaki karibu mkavu. Mafuta yanayotakiwa ni yale yaliyoingia ndani ya viungo. Ya juu kazi yake ni kuita vumbi. Na kwa hewa yetu ya chumvi usingoje mlio. Mimi hufungua kila Jumapili ya pili.

Bati hilo linalinda mnyororo tu, halilindi gurudumu. Asubuhi moja pale Kongowea, mbele ya soko, pindo la buibui liliingia kwenye njiti za nyuma. Sikuanguka, nilisimamishwa. Mama mmoja muuza mchicha alikuja akanizungushia gurudumu nyuma taratibu huku akisema, "Polepole mwanangu, usivute, utalirarua." Lilirarika hata hivyo. Nimejaribu klipu za nguo, zinaruka. Nimejaribu kufunga fundo, natembea kama nimefungwa miguu. Kilichofaa ni hiki hapa, angalieni: fundi ametoboa vitundu kwenye madigadi, akapitisha uzi wa nailoni wa wavuvi kutoka hapo mpaka kwenye ekseli, kushoto na kulia, kama wavu. Tangu Mei sijanaswa.

Na helmeti, dada zangu: pini za mtandio chini yake zitakuchoma mpaka ufike kazini unalia. Vaa ule wa kuvuta usio na pini, na helmeti ununue huku umeuvaa.

Gia ziko tatu, zote ndani ya kikombe cha gurudumu la nyuma, hakuna kitu kinachoning'inia nje kikagongwa. Ya pili ni ya kawaida, ya kwanza inakupunguzia uzito kama robo, ya tatu inaongeza mwendo kama theluthi. Mwanzo nilikuwa nabadilisha huku nakanyaga kwa nguvu zote, ikalia kakk! nikadhani nimeivunja. Unaachia miguu kidogo, unabadilisha, unaendelea. Hata ukiwa umesimama inabadilika, na kwenye foleni ya Buxton hiyo ni raha isiyo na mfano.

Gia tatu zatosha kwa Mombasa? Kwa vilima, naam. Kwa upepo, inategemea. Nilianza wakati wa kaskazi, nikawa napanda Daraja la Nyali asubuhi kama nasukumwa, nikajisifu nyumbani kwamba nimepata mapafu. Jioni natweta, nikasema ni uchovu wa kazi. Kusi ilipoingia mambo yakageuka: asubuhi juu ya daraja nipo gia ya kwanza, buibui limejaa upepo kama tanga, na mzee mwenye Black Mamba ya kreti za soda ananipita akinipa salamu! Kumbe yale mapafu ya Februari yalikuwa ya kaskazi. Sasa wakati wa kusi natoka robo saa mapema, saa kumi na mbili na robo, upepo wa baharini haujashika kasi. Ninyi wa Likoni mna mambo yenu ya kivuko, huko sijitii ujuzi.

Breki. Ya nyuma imefunikwa, inalia kama mbuzi lakini inashika, mvua isiwe mvua. Ya mbele ni raba mbili zinazobana ringi, na ringi za hii ni za chuma kilichong'arishwa. Kavu, haina neno. Mwezi wa Aprili masika yalipofunguka nilibana ya mbele nikiteremka upande wa mjini na baiskeli ikaendelea kwenda kana kwamba sikuiambia kitu. Chuma kikilowa kinateleza. Nilisimama kwa ya nyuma na kwa miguu, kiatu kimoja kikaisha soli. Siku za mvua sasa nabana mbali sana, na madimbwi ya Kongowea nashuka nasukuma, kwa sababu hujui chini yake kuna nini.

Kiti nilikiacha chini wiki tatu ili miguu yote ifike ardhini, nikapata magoti ya bibi yangu. Kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini kabisa, mguu unyooke. Hapo ndipo. Taa inazungushwa na dinamo inayogusa tairi, volti 6. Niliweka balbu ya tochi, ikaungua siku hiyo hiyo nikiteremka daraja, maana ukikimbia na umeme unapanda. Kufuli ya gurudumu ilikuja bila ufunguo, ikakatwa. Nafunga kwa mnyororo mzito karibu na mzee wa kahawa, ambaye ni kufuli bora kuliko zote, kwa kikombe kimoja kwa siku.

Hesabu: pamoja na makosa yangu yote nimetumia kama 13,000. Matatu ningelipa 100 kwa siku, kwenda na kurudi. Miezi saba imeshapita 18,000, na hata nikitoa siku za mvua nilizopanda matatu bado nimejilipa.

Ningeinunua tena? Ndiyo, mfano huu huu, ila wenye ringi za alumini. Ukienda kuchagua, chukua sumaku mfukoni, hata ile ya mlango wa friji. Igusishe kwenye ringi. Isiponasa, lipa bei yake. Ikinasa na muuzaji bado anasema elfu kumi na mbili, mwambie elfu nane, kisha geuka uanze kwenda zako polepole.