Zege la Warumi na zege la nondo

Kwa ujenzi wa baharini, Vitruvius, mhandisi wa Kirumi wa kale, aliagiza sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 2 za jivu la volkano, lile la pwani ya Napoli. Chokaa huchomwa kwenye nyuzijoto 900 hivi. Saruji ya leo hudai takriban 1,450.

Zege la Warumi hukomaa polepole na halivumilii kuvutwa. Kwa hiyo kuba la Pantheon, hekalu la kale jijini Roma, lenye kipenyo cha mita 43 bila nondo hata moja, ni nene chini na jembamba juu, ambako walichanganya mawe mepesi ya volkano. Ukilivunja zege la Kirumi, mara nyingi utaona vidonge vyeupe vya chokaa. Ufa ukipita hapo na maji yakaingia, chokaa huyeyuka, kisha huganda tena na kuuziba. Uhodari wa ajabu!

Kwa ghorofa, hata hivyo, nondo haina mpinzani: boriti hubeba mzigo bila tao, na nguvu ya zege hupimwa baada ya siku 28 tu. Adui ni chumvi. Ikifikia chuma, kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Karibu na bahari, funika nondo kwa zege la milimita 50 au zaidi.