Mtungi wa kilo 6 wenye jiko kichwani: unafaa nyumba yenye watoto wadogo?

Tuanze na hukumu, maana mwenye mtoto anayetambaa huenda asifike mwisho wa makala. Mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6 unaouzwa na jiko lake la kufunga juu, ni ununuzi mzuri kwa mzazi anayeshinda nyumbani na watoto. Ila usiutumie kama unavyotoka dukani. Na kama una jiko la mkaa, usiligawe bado.

Tunachopima hapa ni kifaa, si kampuni. Iwe Oryx, Taifa Gas au Lake Gas, iwe umenunua duka la Mtwara mjini au umepata wa ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), umbo halitofautiani sana: mtungi wa chuma, koki juu, jiko moja linalozungushwa kwa mkono hadi likaze, na kikalio cha vyuma cha kuwekea sufuria. Uzuri wake wote na ubaya wake wote vinatokana na umbo hilo.

Uzuri wake unauona asubuhi. Mkaa unataka dakika 20 hadi 30 kabla ya kushika sawasawa, hata kama una vifuu vikavu vya kuanzishia, na huku Mtwara na Lindi kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zinapokolea, gunia likishalowa ni moshi mtupu. Mtoto wa miezi minane hasubiri moshi uishe. Gesi inawaka papo hapo, ila moto ni mmoja, kwa hiyo kila kitu kinategemea mpangilio. Unaokwenda vizuri ni huu: teleka kwanza lita 3 za maji, zitachemka kwa takribani robo saa. Lita 2 zimimine kwenye chupa ya chai yenye ujazo huo, hizo ni za kuogea. Lita moja iliyobaki ni ya chai ya watu wazima. Baada ya hapo ndipo uji, na saa nzima haijaisha.

Hizo lita 2 ndizo watu wengi huzisahau, kisha saa nne wanawasha tena jiko kwa ajili ya beseni la mtoto. Maji yaliyokaa kwenye chupa nzuri saa tatu au nne bado ni ya moto sana. Ukiweka lita 8 za maji ya bomba kwenye beseni, ukamimina hizo 2, unapata joto linalokaribia la mwili. Anza na ya baridi kila mara, moto ufuate, ukoroge na upime kwa kiwiko. Ukianza na ya moto, ipo siku utageuka kuchukua kopo na mtoto mkubwa atamwingiza mdogo beseni kabla hujageuka.

Uji kwenye jiko hili una adui mmoja, kufurika. Vijiko vinne vya chakula vya unga wa ulezi au mahindi vikorogwe kwenye nusu kikombe cha maji baridi, vimiminwe kwenye vikombe viwili vinavyochemka, halafu moto ushushwe mara moja na uji uive dakika 10 huku ukikoroga. Ukiacha moto mkubwa, uji unapanda na kumwagikia vitundu vya jiko. Ukikauka humo, moto unageuka wa njano, sufuria inaota masizi na gesi inaliwa bure, kwa sababu hewa haichanganyiki tena sawasawa. Subiri jiko lipoe, fungua kichwa, sugua vitundu kwa mswaki mkavu. Nozeli, lile tundu dogo la gesi, lipulizie tu. Usilichokoe kwa sindano, likipanuka moto hautarudi kama zamani.

Uji wa kuweka kwenye chupa uwe mtupu: maziwa, sukari na unga wa korosho uongeze wakati wa kumlisha, na usiuache upitilize saa mbili au tatu. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kulishwa, uwe mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko bila kutiririka. Ule mwepesi unaonyweka kama chai unajaza tumbo tu.

Mchana ndipo kifaa kinapoanza kukwama. Wali wa nazi kwenye mkaa unapaliwa: moto kidogo chini, makaa juu ya mfuniko. Gesi haina cha kupalia, joto lote linatoka chini na kukusanyika katikati, na tui likishakauka unabaki na ukoko mweusi huku juu mchele haujaiva. Dawa ni kapu. Chukua kikapu kipana cha ukindu, tandika blanketi kuukuu au khanga zilizochakaa chini na pembeni zote unene wa kiganja. Chemsha wali hadi maji na tui vibaki sawa na usawa wa mchele, funika, ipua, ingiza kapuni, fukia na nguo juu. Usifunue kwa dakika 40. Unaiva wenyewe, hauungui, na ndani ya dakika hizo jiko limezimwa na mikono yako iko kwa watoto. Kwa maoni yetu kapu hili lingeuzwa pamoja na mtungi.

Kunde, choroko, mbaazi kavu na maharage viloweke usiku. Sababu ni hesabu. Jiko la namna hii kwa moto mkubwa hula kama gramu 150 hadi 200 za gesi kwa saa, maana yake mtungi mzima ni saa 30 hadi 40 za moto mkubwa. Siku ya kawaida ya familia ndogo, yenye chai, uji, wali wa kapu, mchuzi na ugali wa jioni, ikipangwa vizuri inakula gramu 250 hivi, na mtungi unafika siku 24. Maharage yasiyolowekwa yanataka saa mbili na zaidi, ambayo peke yake ni karibu gesi ya siku nzima. Yakilowekwa muda unapungua sana, na ukiyaingiza kapuni baada ya kuchemka nusu saa, unapungua tena. Kisamvu, ming'oko na makongoro vipelekee mkaa tu. Ukitaka kujua kama gesi inakulipa, gawanya bei ya kujaza kwa siku ulizotumia, ulinganishe na kopo la mkaa unalonunua kwa siku. Anayelalamika kwamba mtungi unaisha siku ya 12, mara nyingi gesi yake imeishia kwenye maharage.

Ugali ndio aibu ya kifaa hiki. Kitako cha mtungi ni chembamba kuliko sufuria ya watu watano, na kusonga kunataka kusukuma kwa nguvu kwenda pembeni. Mtungi unacheza, kikalio kinacheza, sufuria inateleza. Sufuria yenye kipenyo kinachozidi sentimita 26 usiisongee hapo juu. Wanaolazimika huipua sufuria na kuisongea chini kwenye kata ya kitambaa, wakairudisha kukamilisha, au wanasonga ugali wa kiasi mara mbili. Wa mhogo unasamehe kidogo kwa kuwa unashika haraka. Wa mahindi unakataa.

Hapa tunafika kwenye jambo lenyewe. Ukiufunga jiko lake, moto wa mtungi huu unakaa sentimita 40 hadi 50 kutoka sakafuni. Mtoto wa mwaka mmoja ana urefu wa karibu sentimita 75. Akisimama, mpini wa sufuria uko kifuani mwake na koki iko usawa wa mkono. Mtu mzima anauona mtungi kama jiko la chini lisilo na shida. Kwa anayejifunza kutembea ni kitu cha kushikilia ili asimame.

Njia mbili zinafaa. Ya kwanza, mwambie fundi seremala akutengenezee boksi la mbao zito lisilo na mgongo, lenye tundu la duara la kuuzamisha mtungi hadi nusu ili usicheze, likae juu ya kibaraza cha jiko au meza imara. Ya pili, iliyo bora zaidi, ni kuachana na jiko la kichwani: nunua la sahani mbili la kuweka mezani, mpira wa gesi na rejeta, yaani kidhibiti cha msukumo wa gesi. Nenda na mtungi dukani, kwa sababu rejeta ya mtungi mdogo si ile ya kilo 15 na hazibadilishani. Mpira ubanwe kwa vibano vya chuma ncha zote mbili, usipite nyuma ya jiko penye joto, na uubadilishe ukianza kupasuka ukiukunja. Gharama inaongezeka, lakini unapata moto wa pili, na huyo ndiye msaidizi wa kweli saa mtoto mmoja analia njaa na mwingine anataka kuogeshwa.

Kwa vyovyote, mipini ielekee ukutani, na ukimbeba mtoto mgongoni fundika pindo za khanga kiunoni zisining'inie. Ikitokea ameungua, maji safi ya kawaida yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na ute wa yai vinabakiza joto ndani. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, nenda hospitali, Ligula kama uko Mtwara au Sokoine kama uko Lindi, hasa kama ni usoni, mikononi au sehemu za siri.

Uvujaji nao una sura yake kwenye nyumba yenye watoto. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni, zote nzito kuliko hewa. Haipandi darini, inatandaa sakafuni, pale pale mtoto anapochezea na kulala mkekani. Kwa hiyo dirisha la juu pekee halitoshi, mlango uwe unafunguka hadi chini. Ukisikia ile harufu kali, funga koki, toa watoto kwanza, fungua milango, usiguse swichi ya taa kuwasha wala kuzima, ufagie hewa ya chini kuelekea nje kwa ungo au mkeka. Kuchunguza ni kwa povu la sabuni kwenye koki na kwenye maungio. Penye viputo ndipo panapovuja. Kiberiti si kipimo.

Chanzo cha kawaida ni kipete cha mpira kwenye shingo ya jiko. Joto hukifanya kigumu, na wakati wa kubadilisha mtungi hudondoka bila mtu kujua. Kikague kila unapobadilisha, uwe na cha akiba, na ukaze kwa mkono tu: spana inakiponda.

Mtwara na Lindi zina maadui wengine wawili ambao maelekezo ya dukani hayawataji. Upepo wa kusi, unaoshika miezi ya katikati ya mwaka, unazima moto wa jiko lililowekwa barazani au uani na gesi inaendelea kutoka. Kinga upepo kwa upande mmoja au miwili tu. Anayezungushia bati pande zote anarudisha joto kwenye mtungi wenyewe, jambo la hatari. Adui wa pili ni chumvi. Kwa wakazi wa Shangani, Mikindani na pwani yote ile, kitako kinachokaa kwenye sakafu yenye unyevu kinaota kutu mapema. Weka ubao chini, ufute kwa kitambaa kikavu.

Dukani, dai mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, ongeza 6 upate uzito unaopaswa kuusoma. Muuzaji anayekasirika ukiomba kupima amekujibu tayari. Kwenye bodaboda au bajaji mtungi usimame wima. Ukilazwa, gesi ya majimaji inafika kwenye koki. Kwa walio Newala, Tandahimba au vijiji vya Nachingwea vilivyo mbali na duka, mtungi mmoja hautoshi, kwani huwa unaisha usiku, sufuria ikiwa juu.

Wapo wanaouliza kwa nini tununue gesi ya mtungi wakati gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Ni gesi mbili tofauti. Ya kwetu, inayosafishwa Madimba na Songo Songo na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, kwa sehemu kubwa ni metheni, nyepesi kuliko hewa, na haijazwi kwenye mitungi hii. Ya mtungi inaagizwa kutoka nje. Baadhi ya nyumba za Mtwara mjini na za Mnazi Mmoja kule Lindi zimeunganishiwa bomba na TPDC, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania. Kama yako ni mojawapo, huu mtungi hauuhitaji isipokuwa kwa akiba, na usihamishe jiko lake kwenda kwenye bomba wala la bomba kuja kwenye mtungi. Nozeli za gesi ya bomba ni pana zaidi, na ukizifungia gesi ya mtungi moto utapanda kupita kiasi.