Fundi wa printa za ofisini, Uhindini Dodoma: nimelipa, sasa naongea

Kama printa ya ofisi yenu inaprinti vizuri asubuhi, halafu umeme ukikatika na kurudi inagomea kompyuta zote isipokuwa moja, msikimbilie kununua nyingine. Nendeni Uhindini, kwenye zile barabara za namba, mkamwone kijana mmoja aliye ghorofani juu ya duka la vifaa vya ofisi. Bango hana. Ukiuliza pale chini "fundi printa yupo?" utaonyeshwa ngazi. Mimi nampa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyombania nitaieleza huko mbele.

Ofisi yetu ni ya upimaji ardhi, iko Makole. Kwa cheo mimi ni katibu muhtasi, kwa kazi ni kila kitu: ankara, barua za Halmashauri ya Jiji, stoo, maji ya kunywa, na lawama zote za printa. Mpimaji akirudi saiti kutoka Nala au Ihumwa na vumbi mpaka kwenye kope, anataka ramani yake itoke sasa hivi. Habari za mtandao hataki kuzisikia. Printa yenyewe ni ya leza, ile yenye skana juu, imechomekwa kwa waya kwenye swichi ya mtandao na wote tunaitumia.

Kabla ya huyu tulikuwa na fundi mwingine, simtaji. Huyo dawa yake ilikuwa moja tu: anafuta draiva, ile programu ya kuendeshea printa, anaweka draiva, anawasha kompyuta upya, elfu thelathini. Siku hiyo printa inaprinti. Umeme ukikatika, na Makole mnajua wenyewe, tunaanza upya na elfu thelathini nyingine. Mwishowe akaanza wimbo wa "dada, hii mashine imechoka, mwambie bosi", na kumbe ana jamaa yake anayeuza printa. Bosi alikuwa ameshaanza kulainika. Niliomba wiki moja tu nitafute mtu mwingine, ndipo mwenye stationari tunakonunua karatasi akanielekeza ngazi.

Sasa huyu. Alipofika hakugusa kompyuta. Aliuliza maswali kama daktari wa zahanati: imeanza lini, ipi inaprinti, ipi haiprinti, kuna kitu kimebadilishwa? Nikamwambia ya mapokezi inaprinti siku zote, zetu za ndani ndizo zinazogoma. Akatabasamu, akasema, "Basi printa nzima, na waya mzima." Hapo hapo nikajua tumepoteza hela nyingi, maana yule wa kwanza hakuwahi kujiuliza kwa nini moja inapona.

Alikwenda kwenye printa, akaingia kwenye menyu ya kile kioo kidogo, akaamuru itoe ukurasa wa mipangilio ya mtandao. Printa karibu zote za mtandao zinao, na inautoa yenyewe bila kuhitaji kompyuta, kwa hiyo ukitoka tu ujue tona, dramu na karatasi havina kesi. Ukurasa ukasema anwani ya printa ni 192.168.1.37. Akaja kwenye kompyuta yangu, akafungua sifa za printa, upande wa poti, panapoonyesha kazi zinatumwa anwani gani. Pale pameandikwa 192.168.1.24. Akanigeuzia skrini. "Dada, barua zako zinapelekwa nyumba namba ishirini na nne. Mwenye nyumba alishahamia thelathini na saba."

Alivyonieleza ni hivi, na nimekuja kuona ni kweli. Anwani hizo zinagawiwa na rauta, kile kiboksi cha intaneti, kazi hiyo inaitwa DHCP, na kifaa kinakopeshwa tu, hakipewi moja kwa moja. Umeme ukikatika, rauta na printa vinalala pamoja. Vikiamka, rauta yetu inagawa upya kwa anayewahi, na printa inaweza kuangukia namba nyingine. Kompyuta haziambiwi. Zinaendelea kutuma kwenye namba ya zamani, zisipojibiwa zinaandika Offline. Na ile dawa ya kufuta draiva ilikuwa inafanya kazi kwa sababu wakati wa kuweka upya, Windows inaitafuta printa na kuchukua anwani ya siku hiyo. Ya siku hiyo tu! Tulikuwa tunanunua anwani kwa elfu thelathini.

Ya mapokezi je? Ile iliwekwa kwa poti ya aina nyingine, WSD, ambayo haishiki namba, inaitafuta printa kwa utambulisho wake mtandaoni. Nikamwambia basi weka zote hivyo. Akakataa. Alisema WSD nayo ina vituko vyake, siku nyingine inapotea bila sababu ya kuonekana, na ofisini ni bora kitu unachoweza kukihesabu. Akaingia kwenye rauta, akaifunga ile anwani kwa printa yetu peke yake kwa kutumia namba yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, ambayo nayo ilikuwa kwenye ule ukurasa. Kisha akapita kompyuta moja baada ya nyingine akiweka poti ya TCP/IP, ile inayoshika namba, yenye anwani hiyo. Kwenye poti hiyo kuna kisanduku kimeandikwa SNMP Status Enabled, akakitoa alama. Kazi yake ni kuiuliza printa hali yake, na printa isipojibu swali hilo Windows inaitangaza haipo hata kama iko hai na ina karatasi. Mimi sikuwahi kufikiri kompyuta inaweza kumzika mtu mzima namna hiyo.

Halafu akafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike yote haya. Aliomba ruhusa azime umeme wa ofisi nzima kwenye meini swichi. Bosi akanuna, mpimaji akahifadhi kazi yake huku akiguna, tukazima. Tukakaa gizani kidogo, tukawasha. Tukasubiri rauta iamke, printa ingurume ile ngurumo yake, akatoa ukurasa tena: 192.168.1.37. Akaprinti kutoka kila kompyuta, pamoja na ya bosi ambaye hakuwa ameomba. Nimeshaletewa mafundi wa feni, wa friji, wa pampu ya maji. Sijaona aliyejaribu ugonjwa urudi mbele ya macho yangu kabla hajapokea hela. Kisha akakata kipande cha utepe wa karatasi, akaandika anwani kwa kalamu nene, akakibandika ubavuni mwa printa. Kipo mpaka leo.

Bei ilikuwa elfu hamsini kwa ofisi nzima, hahesabu kompyuta. Piga hesabu na elfu thelathini za kila umeme unapokatika.

Nilimwita tena baadaye kwa kazi iliyokwama. Mpimaji alituma PDF nzito ya ramani, ikaganda kwenye foleni. Ukiifuta inaandika inafutwa, inafutwa, haifutiki, na kazi za wengine zimejipanga nyuma yake. Hakuja. Alinielekeza kwa simu na hakudai kitu. Unatafuta services.msc kwenye kompyuta, inafunguka orodha ya huduma za Windows, unashuka hadi Print Spooler, ile inayosimamia foleni ya kuprinti, unaisimamisha. Unafungua folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, Windows itakuuliza kama una ruhusa, unakubali. Unafuta vilivyomo ndani, folda yenyewe unaiacha. Unarudi kuiwasha Spooler. Foleni inakuwa nyeupe. Siku hizi naifanya mwenyewe na vijana wa mafunzo kwa vitendo wananiita mama IT, jina ambalo halijaongeza hata shilingi kwenye mshahara.

Mapokezi tuna printa nyingine ndogo, ya USB, ambayo kompyuta ya pale inaishirikisha kwa wengine. Hiyo ilikuwa inakataa kuunganishwa na laptopu moja, inatoa namba 0x0000011b. Fundi wa kwanza aliwahi kufuta masasisho ya Windows ili iungane, ikaungana, masasisho yakajirudisha, ikagoma. Huyu wa Uhindini alisema ni habari ya 2021. Mwaka huo yaligundulika mapengo ya usalama kwenye mfumo wa kuprinti wa Windows, lile maarufu wakaliita PrintNightmare, na masasisho ya Septemba yakaanza kuidai kila kompyuta inayoomba kuprinti kupitia nyingine ijitambulishe kwa njia salama zaidi. Kompyuta moja ikiwa imesasishwa na nyingine imebaki nyuma, hazielewani. Kuna namna ya kulegeza sharti hilo kwenye rejista, ghala la mipangilio ya ndani ya Windows, na wengi ndivyo wanavyofanya. Yeye alisasisha laptopu iliyokuwa nyuma mpaka mwisho, ikaungana. Ilikula mchana wote na bando la ofisi, lakini hakuacha mlango wazi.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni skani. Tuna makaratasi mengi ya zamani ya viwanja, mengine ni ya enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, kabla haijavunjwa 2017 na shughuli zake kuhamia Manispaa, ambayo sasa ni Jiji. Wateja wanakuja na ofa, zile barua za kugawiwa kiwanja, zilizokunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu, tunaziskani ziende moja kwa moja kwenye folda ya kompyuta yangu. Nilipobadilishiwa kompyuta, skani zikaacha kufika. Fundi alikuja, akahangaika, akaondoka bila jibu. Akarudi siku nyingine na jibu ambalo sikulipenda: printa yetu ni ya zamani, kwa kutuma mafaili inajua lugha moja tu, SMB1, na Windows mpya zimekuwa zikija nayo imezimwa tangu 2017 kwa sababu ya usalama. Inaweza kuwashwa. Akakataa kuiwasha. Nilimbembeleza, nikamtishia kwa bosi, wapi. Akaniwekea skani kwenye flashi, kwa hiyo mimi nanyanyuka, nachomeka flashi, narudi, nachomeka tena kwenye kompyuta, kutwa nzima. Naelewa sababu yake. Miguu yangu haielewi.

La pili ni muda. Akikwambia saa tatu, ujue ni saa sita. Simu anapokea vizuri mpaka Alhamisi. Ijumaa mchana haipatikani kabisa, na kama mfumo wa zabuni unafungwa Ijumaa jioni na wewe nyaraka zako zinatakiwa ziprintiwe, zisainiwe, zigongwe muhuri na kuskaniwa tena, utamkumbuka kwa mabaya. Ilitutokea. Tulikimbilia stationari na flashi mkononi kama wanafunzi wa chuo.

La tatu, na ndilo lililokula nyota yangu, ni risiti. Anaandika kwa mkono kwenye kitabu. Mkaguzi wetu wa hesabu akiona kile kikaratasi anavua miwani, anaivaa tena, ananiangalia mimi. Ofisi kama yetu inahitaji risiti ya kielektroniki ya mashine ya EFD ili matumizi yaingie kwenye vitabu bila maswali. Nimeshamwambia, akajibu kwamba analishughulikia. Kwa mtu binafsi hili si kitu. Kwa ofisi yenye mahesabu ni usumbufu, na kwa taasisi za serikali kule Mtumba nadhani hawezi kabisa kuingia mlangoni.

Anaongea sana pia, lakini hilo sijalikatia alama. Ukimpa chai atakueleza habari ya kila printa aliyowahi kuifungua, pamoja na moja ya Kondoa iliyokuwa na kiota cha panya ndani, na utacheka hata kama una kazi.

Kuna fundisho dogo alilotuachia kuhusu vumbi, nalileta kwa sababu upepo wa Julai na Agosti wa hapa unajulikana. Printa yetu ilikuwa chini ya dirisha. Alituhamishia ukutani, akatuambia tuifunike usiku na tusifungue riamu mpya kabla ya zamani kwisha, kwa kuwa karatasi iliyokaa wazi ikipigwa vumbi inakwenda kuchafua rola za kuvutia, ndipo karatasi zinaanza kukwama mbili mbili. Wakati wa kuihamisha akagundua kile kidole cha plastiki kwenye kichwa cha waya wa mtandao kimevunjika, waya unakaa kwa kuegemea tu, anayedeki akigusa meza unalegea. Akakata, akaweka kichwa kipya kwa koleo lake, taa ndogo ya kijani pale swichini ikatulia. Elfu tano.

Mkimwendea, bebeni nywila ya rauta. Kama rauta mliwekewa na kampuni ya intaneti na nywila hamkuachiwa, wapigieni kwanza, maana bila hiyo atapanda, atakunywa chai yenu, atawaambia atarudi. Na siku nzuri ni Jumanne au Jumatano, saa nne hivi, kabla kazi za maofisi makubwa hazijamfikia.