Windows ya kiwandani au nakala unayojiwekea mwenyewe

Anayenunua laptopu mpya mjini Bukavu huikuta Windows imekwisha kuwekwa kiwandani, pamoja na programu za majaribio ambazo hakuziomba na ambazo hula nafasi na vifurushi vya intaneti. Hata hivyo, viendeshi vya Wi-Fi na sauti, yaani programu zinazowezesha vifaa hivyo kufanya kazi, vimo tayari, na kazi huanza siku hiyohiyo.

Nakala safi, yaani Windows unayojiwekea upya mwenyewe, hudai subira zaidi: flashi ya GB 8, faili la GB kadhaa la kupakua, na betri iliyojaa, maana umeme wetu hauagi ukiondoka. Ufunguo, yaani namba ya leseni ya Windows, haununuliwi tena, kwa kuwa tangu Windows 8 ya mwaka 2012 watengenezaji huuhifadhi ndani ya ubao mama, yaani bodi kuu ya laptopu, na toleo lilelile, yaani Home kwa Home, hujithibitishia leseni lenyewe likipata intaneti. Niliwahi kukwama penye kuchagua mtandao kwa kukosa kiendeshi cha Wi-Fi; sasa hukitia kwenye flashi mapema, kisha huchagua kibodi ya Kifaransa kama ilivyo ya laptopu yenyewe, la sivyo ukibonyeza A hutokea Q.

Penye diski ndogo ya GB 128 ningechagua nakala safi bila kusita. Mwenye mkataba wa kuchapa kesho asubuhi, ya kiwandani inamtosha.