Buibui wa ndani: kopo la dawa au glasi na karatasi?

Masika yakishika Moshi, kuanzia Machi hadi Mei, taa ya barazani huvuta kumbikumbi na mbu, na buibui hufuata chakula. Wengi ni wale wembamba wa miguu mirefu wanaoning'inia pembeni mwa dari, au yule bapa anayejibana ukutani. Hawana ugomvi na mtu.

Watu wengi hukimbilia kopo la dawa, na kwa maoni yangu wanapoteza hela. Nyingi ya dawa hizi zina pairethroidi, kemikali zilizoigwa kutoka kwenye maua ya pareto. Ukimpiga buibui moja kwa moja, anakufa. Ila anayepita baadaye mara nyingi hanasi dawa ya kutosha, kwa sababu hutembea kwa ncha za miguu, tumbo ameliinua. Mayai nayo yamefungwa ndani ya kifuko cha hariri. Na kama una paka, jihadhari hasa: permethrini, iliyo katika baadhi ya makopo, ni sumu kali kwake.

Glasi ni bure. Mfunike, pitisha karatasi ngumu chini yake, kamwachie kwenye migomba. Yule bapa atakuwa ameshachomoka kabla hujainua mkono. Mwache aendelee kula wadudu. Utando wa darini ufagie kwa ufagio mrefu pamoja na vifuko vya mayai, hasa kama mama mkwe anakuja Jumapili.

Vyovyote utakavyochagua, zima taa ya nje usiku au weka wavu dirishani.